Matumbo mawili ao tumbo moja? Mbio za mashua za tanga na jambo linaloyahusu maziwa yetu

Mwezi wa Agosti 2024, wakati wa Michezo ya Olimpiki ya Paris, mabishano yalianza katika nganda moja hapa Kinsevere, pembeni ya barabara ya kuenda Lubumbashi. Umeme ulikuwa umerudi kisha siku mbili za giza. Televizyo ilikuwa inaonyesha mashua za tanga kule Marseille, upande wa kusini wa Ufaransa. Madereva wawili wa malori walikuwa wanangojea mpira, lakini mpira haukuja, na mwenye nganda alikuwa amepoteza telekomande. Basi wakaangalia mashua. Kisha dakika kumi kila mmoja alikuwa na upande wake. Wa kwanza alisema ile mashua yenye matumbo mawili, katamarani, haiwezi kushindwa na kitu. Wa pili alisema ile ndogo ya tumbo moja njo mashua ya kweli, kwa maana pale mtu anashinda kwa akili yake, hapana kwa chombo alichopewa.

Niliandika maneno yao nyuma ya bili ya vinywaji. Tangu siku ile nimekuwa natafuta kujua nani alikuwa na haki. Najua wamoja kati yenu mtauliza: hii inahusu nini sisi wa Kinsevere, watu wa shaba, wa makala na wa vumbi? Ndugu msomaji, ukurasa huu unasomwa pia Pweto, Kilwa na Kasenga, na kule Kalemie, Moba, Uvira na Bukavu. Kule chombo cha majini si mchezo. Na mwisho wa habari hii utaona kwamba ule ubishi wa nganda unagusa jambo ambalo limeshaua watu wengi kwa maziwa yetu.

Tuanze na kitu ambacho madereva wale hawakujua: katamarani iko kwetu tangu zamani. Ukifika Kalemie ao Uvira mangaribi, utaona wavuvi wa ndakala wanatoka na mitumbwi miwili iliyounganishwa na miti, wavu mkubwa ukining'inia katikati, na taa za kuvuta samaki. Wavuvi wenyewe wanaiita katamarani. Katika ziwa Kivu wanaongeza mtumbwi wa tatu, na miti yao mirefu inatoka mbele na nyuma kama pembe. Hivyo njo wanavua sambaza, samaki mdogo aliyeletwa kule kutoka Tanganyika miaka ya mwisho ya 1950. Neno lenyewe si la Kifaransa. Linatoka kwa Watamili wa kusini ya India, na maana yake ni miti iliyofungwa pamoja. Kwa hiyo Mzungu na mvuvi wa Uvira wote wawili wameazima kwa Mhindi.

Lakini angalia vizuri. Mvuvi wetu hakufunga mitumbwi miwili ili akimbie. Alifunga ili asimame imara. Wavu wa kuinua unahitaji nafasi pana, na watu wanapovuta kamba upande mmoja usiku, mtumbwi mmoja ungepinduka. Upana unamupa usalama, na mwendo hana haja nao. Sasa, ginsi gani upana ule ule unaweza kufanya mashua ya mbio iruke?

Hapa nitachukua mfano wa barabara yetu. Kila asubui tunaona wanaume wanasukuma baiskeli zenye magunia ya makala kuelekea Lubumbashi. Baiskeli ikiinama kidogo, mtu anaegemea upande mwingine kwa mwili wake wote ili mzigo usianguke. Mashua ya tumbo moja iko vile. Upepo unapiga tanga, mashua inainama, na mwenye kuiendesha anatoa mwili wake inje upande upepo unatokea, anabana miguu ndani ya mkanda, tumbo lake linawaka moto. Ndiyo maana wale wa Olimpiki wana mapaja kama ya wachezaji wa mpira. Uzito wa mtu njo unaamua tanga kubwa namna gani mashua inaweza kubeba. Upepo ukipita nguvu ya mtu, anapaswa kulegeza kamba na kupoteza nguvu ile.

Katamarani ni kama baiskeli iliyopewa gurudumu la pembeni, mbali. Tumbo moja likitaka kuinuka, lingine liko mita mbili upande wa pili na linasukuma juu. Mtu mmoja akikaa kwenye ukingo, uzito wake unafanya kazi ya watu wengi. Kwa hiyo inaweza kubeba tanga kubwa bila kuinama sana. Jambo la pili: matumbo yake ni membamba kama kisu. Tumbo pana la mashua ya kawaida linasukuma maji mbele yake na kutengeneza wimbi, na wimbi lile linageuka kuwa kilima ambacho mashua yenyewe inapaswa kupanda. Kisu hakitengenezi kilima. Upana kwa nguvu na wembamba kwa maji, siri ni hiyo.

Kwa hesabu, hii hapa. Mashua ya tumbo moja inayojulikana kupita zote katika Olimpiki inaitwa ILCA. Zamani iliitwa Laser. Ina urefu wa mita 4.23, tumbo lake lina kilo 59 hivi, na mtu mmoja tu ndani. Ikienda kinyume cha upepo inafanya kilometa 8 ao 9 kwa saa, ni kusema mwendo wa mtu anayekimbia polepole. Upepo ukiwa nyuma yake na mawimbi yakimsaidia, inaweza kuteleza juu ya maji na kupita mara mbili ya ile. Katamarani ya Olimpiki ni Nacra 17, yenye mita 5.25 na watu wawili, mwanaume na mwanamke. Ile ina mabawa chini ya maji, na mwendo ukipanda, mashua yote inainuka na kuacha maji. Kwa upepo mzuri inapita kilometa 37 kwa saa. Dereva wa kwanza, kwa mwendo, alikuwa na haki kabisa. Angepaswa kuishia pale.

Dereva wa pili alizungumzia akili. Na hapa mambo yanageuka.

Kwa msomaji ambaye hajaona mbio hizi: mashua ya tanga haiwezi kuenda moja kwa moja mahali upepo unatoka. Inakwenda kwa pembe, kidogo kuume, kisha inageuka, kidogo kushoto, sawa na gari linalopanda mlima kwa makona. Ndugu zetu wa pwani, Mombasa na Zanzibar, wana neno zuri kwa kazi hii: kupiga bisho. Boya la kwanza la mbio karibu kila mara linawekwa upande upepo unatoka, ili watu wapige bisho. Ni pale mbio inaamuliwa.

Sasa, mashua ndogo ya tumbo moja inageuka kama mbuzi. Mwenyewe anasukuma usukani, anapita chini ya tanga, anakaa upande mwingine, na kisha sekunde chache amekwisha kupata tena mwendo wake. Kugeuka hakumulishi bei kubwa. Kwa hiyo anageuka mara nyingi, na kila kugeuka ni swali anamuuliza adui. Upepo haukai mahali pamoja. Unasogea kidogo kuume, kidogo kushoto, na anayeona mbele ya wengine anageuka na kupata mita kumi bila kutoka jasho. Kuko tena ujanja mwingine: anayeongoza anaweza kujiweka kati ya upepo na yule anayemfuata, ili tanga lake limfunike mwenzake na hewa chafu, hewa iliyovunjika. Aliyefunikwa anageuka ili akimbie, anayeongoza anageuka naye. Utaona mashua mbili zinafanya hivyo mara ishirini, kama watu wawili wanaopimana katika njia nyembamba.

Katamarani haipendi kugeuka. Ni nyepesi, kwa hiyo haina uzito wa kuisukuma wakati tanga limekufa. Ni pana, kwa hiyo tumbo moja linapaswa kuzunguka lingine. Mtu asiyejua anaweza kubaki pale katikati, uso kwa upepo, anarudi nyuma. Hata mabingwa wanapoteza mita nyingi. Matokeo yake ni kwamba wanapiga bisho kwa mistari mirefu na wanageuka mara chache. Uamuzi wao mkubwa unafanywa mapema: tuende upande gani wa maji, kuume ao kushoto, wapi upepo unakuja na nguvu zaidi? Ukichagua vibaya, huna nafasi ya kujirudi kwa ujanja kidogo kidogo. Mwenzako ameshapita na mwendo wake mara mbili.

Kurudi chini kuelekea boya la pili, tofauti ni kubwa tena. ILCA inaweza kushuka karibu moja kwa moja, inatafuta mawimbi ya kupanda. Katamarani ikishuka moja kwa moja inalala, kwa maana inakimbia pamoja na upepo mpaka haiusikii tena. Basi inakwenda kwa pembe pia wakati wa kushuka. Mwendo wake wenyewe unatengeneza upepo mpya usoni mwake, kama vile mtu wa pikipiki anasikia upepo hata siku ambayo majani hayatingishiki. Kwa hiyo njia ndefu inakuwa ya haraka kupita njia fupi. Mpanda pikipiki wa Kinsevere ambaye anazunguka kilometa tatu ili aepuke mashimo hahitaji kuelezwa.

Je, ni kusema katamarani haina akili? Hapana, na hapa sikubaliani na dereva wa pili. Akili yake ni ya namna nyingine. Angalia Rio 2016. Tornado, katamarani ya zamani iliyokuwa Olimpiki tangu 1976, iliondolewa kisha 2008. London 2012 hakukuwa katamarani hata moja. Rio ilirudisha matumbo mawili, na Nacra 17 ikawa mbio ya kwanza ya mashua katika Olimpiki ambayo inadai mwanaume na mwanamke pamoja. Santiago Lange wa Argentina alikuwa na miaka 54. Mwaka uliotangulia madaktari walimuondolea sehemu ya pafu kwa sababu ya kansa. Katika mbio ya mwisho, yeye na Cecilia Carranza walipewa adhabu mbili. Mashua ikizunguka mara moja kwa adhabu, wenzake wanaondoka. Walifika wa sita. Lakini walipata zahabu, kwa pointi moja tu mbele ya Australia. Ginsi gani? Kwa maana katika michezo hii unahesabiwa pointi za siku zote: wa kwanza anapata 1, wa pili 2, na mwenye pointi kidogo njo anashinda. Matokeo yako mabaya kupita yote yanafutwa, na mbio ya mwisho, ile ya medali, inahesabiwa mara mbili. Wale wawili hawakuhitaji kushinda siku ile. Walihitaji kujua nani yuko wapi, na kutoacha watu fulani wapite. Mwendo haukuwasaidia sana hapo. Waliokolewa na hesabu.

Paris 2024, Ruggero Tita na Caterina Banti wa Italia walichukua zahabu ya Nacra 17 kama walivyofanya Tokyo. Kwa ILCA ya wanaume, Matt Wearn wa Australia alirudia pia. Kule Marseille upepo ulikufa mara na mara, na watu wakakaa wakingoja juu ya maji kama sisi tunavyongoja umeme.

Swali la dereva wa kwanza, yaani kuweka matumbo mawili na tumbo moja pamoja katika mbio moja, lilishajibiwa pia, na jibu lilikwenda mpaka mahakamani. Ni mwaka 1988, San Diego, Marekani, katika Kombe la Amerika, kombe la zamani kupita yote katika mashua. Tajiri wa New Zealand, Michael Fay, alileta mashua moja kubwa sana ya tumbo moja, yenye watu karibu 40 ndani. Wamarekani, pamoja na Dennis Conner, walisoma sheria vizuri, wakaona haikatazi chochote, wakajibu na katamarani ya mita 18 hivi, nusu ya urefu wa ile nyingine. Mbio mbili. Katamarani ilishinda ya kwanza kwa dakika 18 na ya pili kwa dakika 21, na watu wengine walisema ilikuwa inajizuia. Mahakama ya New York ilinyanganya Wamarekani kombe, kisha mahakama ya juu ikawarudishia.

Mimi naona kisa kile kilikuwa kibaya kwa mchezo. Wakati mmoja ana mwendo mara mbili ya mwenzake, akili inakufa. Hakuna kufunika, hakuna swali. Ndiyo maana vyama vya mashua vinagawa vyombo kwa aina, ILCA na ILCA, Nacra na Nacra. Ao, mahali pasipokuwa na mashua za kutosha, wanatumia namba ya kusawazisha: kila aina inapewa namba yake, ILCA iko karibu 1100, na saa ya kufika inagawanywa na namba ile. Hivyo mashua ya polepole inaweza kufika nyuma na kushinda. Ni utaratibu wa haki, lakini msimulizi wa redio angepata shida: atamshangilia nani?

Katika Kombe lile lile, mwaka 2013 San Francisco, wote wawili walikuwa na katamarani kubwa zenye mabawa. New Zealand iliongoza 8 kwa 1, ikikosa ushindi mmoja tu. Wamarekani wa Oracle walibadilisha mambo ndani ya mashua yao na ginsi ya kuiendesha, wakashinda mbio nane mfululizo, 9 kwa 8. Hakuna anayeweza kusema tena kwamba matumbo mawili hayana mchezo ndani yake. Na kuchanganya zaidi: tangu 2021 Kombe lile limerudi kwa tumbo moja, lenye mabawa pembeni, na inakimbia kupita katamarani za 2013. Mwaka 2024 Barcelona, New Zealand ilishinda Uingereza 7 kwa 2 kwa chombo cha namna ile. Kwa hiyo siku hizi bawa chini ya maji linaamua mambo kupita hesabu ya matumbo.

Hata rekodi ya mwendo ya dunia kwa chombo cha tanga iliwekwa hapa kwetu Afrika. Tarehe 24 Novemba 2012, Walvis Bay, Namibia, Paul Larsen alipita mita 500 kwa mwendo wa kilometa 121 kwa saa. Chombo chake, Sailrocket 2, kilikuwa kitu cha ajabu chenye mkono mrefu upande mmoja, na kingeweza kwenda kwa upande mmoja tu. Kurudi kilivutwa. Kwa mbio za maboya hakina faida hata kidogo, kwa maana hakiwezi kupiga bisho.

Mkono ule wa pembeni, watu wa pwani ya Uswahilini wanaujua tangu karne nyingi. Ngalawa ya Zanzibar na ya Tanga ni gogo moja lililochongwa, pamoja na vibao viwili vinavyoelea, kimoja kila upande, vimefungwa kwenye miti. Wazo lile lilitoka mbali, kwa watu wa bahari ya Asia waliofika mpaka Madagascar na Komoro. Ngalawa ni nyembamba, nyepesi, na wavuvi wake wanashindana vizuri kila penye sherehe. Kule Lamu, Kenya, wanashindana na mashua na jahazi za tumbo moja, na watu wanajaa ufukoni kama kwenye derbi ya Mazembe na Lupopo. Nahodha anapanga vijana wake upande wa upepo, anawahamisha kwa sauti, na mtu mmoja mzito akikawia kusogea, mbio imekwenda.

Tanga la pwani lina pembe tatu na limefungwa kwenye mti mrefu, foromali. Kuligeuza ni kazi: mara nyingi nahodha anazungusha chombo upande wa kushuka na watu wanapitisha foromali mbele ya mlingoti. Kugeuka kunalisha bei kubwa sana. Basi nahodha wa Lamu, hata kama chombo chake kina tumbo moja, anafikiri kama mtu wa katamarani: mistari mirefu, kugeuka mara chache, kuchagua upande mapema. Hapo niligundua kwamba madereva wetu wawili waliuliza swali kwa njia isiyokuwa sawa. Ukitaka kujua chombo kitachezwa ginsi gani, usihesabu matumbo. Uliza kugeuka kunakula mita ngapi.

Sasa nije kwa jambo nililoahidi.

Tarehe 3 Octoba 2024, miezi miwili kisha mabishano ya nganda, chombo MV Merdi kilipinduka katika ziwa Kivu, mbele ya bandari ya Kituku, Goma. Kilikuwa kimetoka Minova. Watu walikuwa wanakiona kutoka inchi kavu. Gavana wa Sud-Kivu alitangaza siku ile watu 78 waliokufa kwa uchache. Ndani kulikuwa watu wengi na mizigo mingi kupita kiasi. Sisi redio tulisoma habari ile katika lugha mbili, na kila mtu alisema: mzigo, mzigo. Ni kweli. Lakini mtu anayejua mashua ya mbio anaona kitu kingine pia.

Chombo cha tumbo moja kinapoinama, kama mzigo wake uko chini, kinajirudisha. Mzigo ukipanda juu, watu wakisimama kwenye sitaha, nguvu ya kurudi inapungua. Kisha watu wanaogopa, wote wanakimbilia upande mmoja, na kinalala. Katika ILCA yule mtu mmoja anajua kwamba mwili wake ni sehemu ya mashua. Katika boti zetu hakuna abiria aliyewahi kuambiwa hivyo.

Na wale wanaosema tuache tumbo moja, tuunganishe mitumbwi miwili kwa kubeba watu, waende polepole. Katamarani ina ugumu wake. Mwanzoni ni imara sana, haitingishiki, na mtu anajiamini, anaongeza magunia. Lakini nguvu yake ya kusimama iko kubwa kupita yote mapema, wakati tumbo moja linaanza tu kuacha maji. Kisha pale inapungua, na chombo hakikupi onyo refu. Ikishapinduka kabisa, iko imara vile vile kichwa chini. Mashua ndogo ya tumbo moja, mtoto anapanda juu ya ubao wake wa chini, anaivuta kwa uzito wake, na kisha dakika haijafika inasimama tena. Katamarani ndogo kama Hobie 16, yenye kilo 145, mtu mwepesi peke yake haisimamishi; inahitaji kamba na uzito wa watu wawili.

Katika klabu za mashua, mafundisho ya kwanza kabisa ya mtoto si kukimbia. Anavalishwa jile ya kuokolea, wanapindua mashua kwa kusudi, anaingia chini yake, anatoka, anaisimamisha, anapanda. Anarudia mpaka woga unaisha. Chombo cha kazi hiyo ni Optimist, kisanduku cha mita 2.30 na kilo 35, chenye tanga moja. Kilichorwa Florida mwaka 1947 ili baba aweze kukijenga nyumbani kwa mbao za plaiwudi. Maseremala wetu wa Kalemie na Moba, wanaojenga mitumbwi mikubwa ya mbao, hawangeshindwa na kisanduku kile. Wasichana wawili wa Msumbiji, Denise Parruque na Maria Machava, walifika mpaka Olimpiki ya Tokyo katika mashua ya tumbo moja, aina ya 470. Bujumbura, upande wa pili wa ziwa letu, kuko Cercle Nautique tangu zamani. Haut-Katanga ina ziwa Moero, na ina ziwa Tshangalele la Lufira, lililotokea kisha baraji ya Mwadingusha. Tena wakati wa kiangazi upepo wa kusini-mashariki hatuuombi, unakuja wenyewe.

Nikiulizwa leo, ningesema shule za kandokando ya maziwa zianze na tumbo moja, dogo, la bei ndogo, linalopinduka kirahisi. Katamarani ya mwendo ije nyuma, kwa wale waliokwisha kujifunza kusoma upepo. Na wavuvi wa ndakala waendelee na matumbo yao mawili, kwa maana wanajua wanachokifanya, na ni watu wanne ao watano ndani, hapana mia mbili.

Mwaka 2019 nilipanda boti moja katika ziwa Tanganyika, sitaitaja jina. Jile zilikuwepo. Nilizihesabu 31, zimefungwa pamoja na waya wa chuma juu ya paa, ili zisiibiwe. Kabla ya kuondoka nilimuomba kijana wa boti anipe moja. Alicheka, akaniambia ufunguo wa kufuli uko kwa patron, na patron amebaki Kalemie. Mama aliyekaa pembeni yangu alikuwa na watoto wawili na kikapu cha mikeke ya kukausha. Upepo ulikuwa wa kusini-mashariki. Boti ikainama kidogo, na watu wote wa upande wetu wakasimama mara moja ili waangalie.

Mama yule akapiga kelele: kaeni!